Santuri Tuliyoikimbiza

Kaka yangu mpendwa, Cherehani,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, na kwa watoto wote wawili, ambao nasikia yule mkubwa ameanza kung'oka meno na anamdai kila mgeni zawadi. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kama kuna mtu alikuwa na mafua basi imkute ameshapona. Sisi huku tunaendelea. Mama anakula vizuri, usingizi wake ni wa vipande vipande, na ile dawa mpya ya presha haimsumbui tumbo kama ya kwanza. Mimi ni yuleyule, isipokuwa miguu.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye pasi ya mvuke, maana pale dukani kwa dobi hakuna kiti isipokuwa cha bosi, na cha bosi hakikaliwi na mtu mwingine hata bosi akiwa safarini. Nikimaliza suruali nasoma ukurasa, nikimaliza koti nasoma mwingine. Nimefurahi sana kusikia kwamba bendi yenu imepata hoteli ya kudumu, na kwamba wageni husogeza viti karibu na jukwaa ili waangalie vidole vyako. Nilimsomea mama sehemu hiyo mara mbili. Alitabasamu kwa upande ule wa uso unaoweza.

Ila mwishoni uliniandikia kwamba nisikunje goti, kama wimbo unavyosema. Hapo niliikunja barua nikaitia mfukoni, na jioni nilipovua aproni niliikuta imelowa jasho. Sitakuficha, nilikasirika. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza lazima nikupe habari za gramafoni, maana bila hizo utasema mdogo wako amechanganyikiwa.

Baada ya mama kupata kiharusi, muuguzi wa mazoezi alinishauri nimsikilizishe vitu alivyovipenda zamani. Alisema wimbo wakati mwingine huvuta maneno yaliyokwama. Basi niliiteremsha gramafoni ya baba kutoka juu ya kabati. Vumbi lilikuwa kama blanketi, na sahani yake haikuzunguka hata kidogo. Nikaipeleka kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma, pamoja na ile santuri yetu moja kubwa ili apate cha kujaribia. Zile ndogo niliziacha nyumbani, nikihofia atazikwaruza.

Sasa, unakumbuka baba alivyokuwa. Hakupenda kitu chochote chenye kuchezeka. Redio yetu ilikuwa na stesheni moja, dirisha letu lilifunguka upana mmoja, na kile kijiti cha gramafoni cha kuchagulia mwendo alikigandisha kwa gundi kabla sisi hatujaanza kutambaa. Mimi nimekua nikidhani kijiti kile ni pambo. Fundi aliikwangua ile gundi kwa wembe, akaweka mkanda mpya, akajaribu santuri, halafu akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza nyumbani kwetu tulikuwa tunawahi wapi.

Alinieleza kwamba santuri ndogo huzunguka kwa mwendo wa arobaini na tano na kubwa kwa mwendo wa thelathini na tatu, na kwamba imeandikwa hapo hapo katikati, kwenye karatasi, kwa herufi za kumtosha hata kipofu. Gramafoni ya baba ilikuwa imegandishwa kwenye mwendo wa zile ndogo. Kwa hiyo zile ndogo zote tulizisikia sawasawa. Lakini "Nimekaa Chini" ya Bibi Gitaa, santuri kubwa pekee iliyowahi kuingia nyumbani kwetu, tumeisikia ikikimbia tangu siku baba alipoinunua.

Najua unacheka. Cheka, nami nilicheka njia nzima nikiwa nimebeba gramafoni kifuani. Lakini ukimaliza kucheka jaribu kukumbuka mambo yalivyokuwa. Bibi Gitaa wa zile santuri ndogo alikuwa yeye na gitaa lake tu, sauti ya juu, imenyooka, na kiitikio cha kuimbwa na watu wote mpaka waliokuwa jikoni. "Usikunje Goti" tuliujua kabla ya kujua kuhesabu. Halafu ikatoka ile kubwa, na watu wakasema amebadilika. Magazeti yaliandika amebadilika. Kule posta baba alikokuwa akifanya kazi, makarani wenzake walilalamika kwamba mwanamke yule amepoa, amelala, anaimba kama mgonjwa. Baba akaja nyumbani, akaiweka, ikatoka ile sauti ya haraka kama ya mtoto aliyekimbizwa na nyuki. Akasema makarani wenzake wana masikio ya kuazima. Kwamba amebadilika alikubali, maana tulisikia wenyewe. Akaisikiliza hadi mwisho kwa sababu ameshainunua, kisha akairudisha kwenye jalada lake na hakuigusa tena.

Wewe ndiye uliyeigusa. Ulikaa nayo kila siku baada ya shule na lile gitaa lako la mitumba, ukiufuata uimbaji na piano kwa nyuzi zako, ukitafuta sauti za juu ambazo gitaa la kawaida haliwezi kuzifikia. Ulikuwa ukikaza nyuzi mpaka zinakatika, na moja ilikuchapa shavuni ukabaki na alama. Baadaye ukafunga penseli kwa mpira kwenye shingo la gitaa ili sauti yake ipande. Mama akawa anakuletea nyuzi mpya bila kuuliza za zamani zimeenda wapi. Ulifukuza ule mwendo mpaka ukaukamata, na siku ulipoukamata baba mwenyewe ndiye aliyekuita Cherehani. Kwa hiyo ukweli ni huu, Kaka: jina lako lote umelijenga juu ya gundi ya baba. Bibi Gitaa mwenyewe hajawahi kupiga kwa kasi ile. Hakuna binadamu aliyewahi kuipiga ile santuri kama unavyoipiga wewe, na hilo nalisema kwa fahari, si kwa dhihaka peke yake.

Jumapili nilimweka mama kwenye kiti chake karibu na dirisha, nikamwekea mto upande wa kushoto asielemee, nikaiweka ile santuri. Mwanzoni nilidhani mashine inakufa. Palikuwa na besi inatembea polepole, na ngoma inayofagiliwa badala ya kupigwa, na piano mbali kidogo kama iko chumba cha pili. Gitaa halipo. Nikangoja gitaa, maana utotoni nililolisikia lilikuwa lako, likipigwa juu ya santuri. Badala yake ikaja sauti ya mwanamke mzima, nzito, ya chini, anaimba kama anavyosema mtu na mwenzake wakiosha vyombo. Pumzi yake inasikika anapovuta. Gitaa lenyewe linaingia ubeti wa pili, linasema neno moja, linanyamaza. Kumbe picha ile ya kwenye jalada, amekaa kwenye kiti cha mbao na gitaa limeegemezwa ukutani, haikuwa ya mapambo. Alikuwa anatuambia.

Mimi si mtu wa muziki, wewe ndiye mwenye maneno yake. Lakini nisikilize kidogo. Zile nyimbo za mwanzo zilikuwa zinaimbiwa watu. Za kwenye hii anajiimbia mwenyewe, na sisi tumepita tu dirishani. Haamrishi mtu. Kuna wimbo mzima kuhusu kuvua viatu. Kuna mwingine anamwambia mtu asiyejulikana aondoke na taa aiache inawaka. Walioandika kwamba amelala hawakukosea kwamba amepunguza mwendo, ila sijui walikuwa wanamtaka akimbilie wapi. Amechoka, na amekaa chini, na ameimba akiwa amekaa. Sikujua kama mtu anaruhusiwa.

Upande wa pili ameurudia ule ule wimbo wa "Usikunje Goti". Unaukumbuka, ndio uliokuwa ukiupenda kuliko zote, tukidhani anafanya mzaha. Maneno ni yale yale. Lakini pale penye kiitikio, pale ambapo zamani watu wote waliingia kwa nguvu, amepaacha patupu. Haimbi. Besi inatembea peke yake mpaka mwisho wa nafasi, ndipo anarudi na ubeti. Kwa mwendo wetu nafasi ile ilikuwa fupi, ilisikika kama sindano imeruka. Kwa mwendo wake ni ndefu. Ni ndefu kiasi kwamba unageuka kuangalia waitikiaji wako wapi. Nilikaa kitandani kwa mama nikalia, Kaka, na sikuwa na huzuni yoyote mpya.

Mama alikuwa ananitazama. Unajua maneno yake siku hizi hutoka moja moja, na mengine hutoka siyo. Akasema, "Ndivyo." Nilidhani anamaanisha kitu kingine, nikamuuliza kama anataka maji. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye gramafoni, akarudia kwamba ndivyo, ndivyo ulivyo. Ilinichukua muda kumwelewa, leo neno, kesho neno, lakini nimeyaunganisha nami nakuletea yalivyo. Mama alikuwa anajua. Alijua miaka yote.

Pale saluni alipokuwa akiosha watu nywele, mwenye saluni alikuwa na gramafoni nzuri, na mwaka ule santuri hiyo ilichezwa mpaka ikachakaa. Aliisikia kwa mwendo wake wa kweli kutwa nzima. Halafu akirudi nyumbani anaikuta inapiga mbio, na wewe uko sakafuni na gitaa, ulimi nje. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mtoto alikuwa na raha." Kuhusu baba, akafanya ishara ya mtu anayepaka gundi, akacheka kile kicheko chake cha sasa kisicho na sauti. Gundi ameiweka mwenyewe, nani angemwambia? Na kuna jambo jingine aliloniambia. Alisema wenzake wakishaondoka alikuwa akijitolea kubaki kufagia nywele. Alikuwa hafagii kwanza. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha mteja, anaweka upande wa pili, anausikiliza peke yake mpaka mwisho. Ndipo afagie, afunge, aje nyumbani atupikie.

Mimi nimekaa na mama muda wote huu nikiamini ni mtu asiyechoka. Nimejipima kwake kila siku na kila siku nimepungua. Nikishindwa kumgeuza kitandani kwa mara moja najiambia yeye angeweza. Kumbe alikuwa na kiti chake mahali, nasi hatukujua.

Sasa nikueleze ile hasira. Kila mtu ananiambia nisimame. Shangazi huja, hunisifu, hunywa chai, huaga. Huniita nguzo ya nyumba. Jirani wa mlango wa pili, ambaye Mungu ambariki humchungulia mama mchana nikiwa kazini, naye husema mtoto wa kike kama mimi hapatikani siku hizi. Wewe uliniita Sisimizi tangu utotoni kwa kubeba vitu vikubwa kuliko mimi, na mpaka leo bahasha zako zinakuja na jina hilo. Sifa zote hizo nazipokea mlangoni, halafu mnaondoka nabaki nazo mimi na beseni. Na wewe, mtu wa muziki, kati ya nyimbo zote za Bibi Gitaa umeniletea ule wa zamani, wenye kiitikio. Waitikiaji wako wapi, Kaka?

Kuna jambo sijamwambia mtu, na nakuomba ulisome ukiwa peke yako kabla ya kumwonyesha wifi. Wiki iliyopita nilitoka kazini jioni, nikapitia dawa ya mama, nikafika mlangoni kwetu ufunguo ukiwa mkononi. Nikamsikia anaita. Siku hizi haiti jina, huita tu kwa sauti ndefu moja, anapumzika, anaita tena. Nilijua anataka nini, huwa ni kimoja kati ya vitatu. Sikuweza kuingiza ufunguo. Nikakaa kwenye ngazi, dawa yake mapajani, mgongo wangu umeegemea mlango wenyewe, naye akaendelea kuita upande wa pili wa ubao ule. Sikupitiwa na usingizi na sikuzimia. Nilikuwa macho na nilimsikia kila alipoita, na sikuinuka mpaka aliponyamaza.

Nilipoingia nilimkuta amelowa, macho yako mlangoni. Nikambadilisha, nikampaka mafuta, nikamlisha. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesikia ngazi ikilia nilipokaa, na naamini aliisikia.

Na pale nje nilipumzika. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, maana mwili ukishaonja mapumziko ya namna ile utayataka tena. Siku nyingine sitakaa kwenye ngazi, nitaendelea kutembea. Najijua. Sikuandikii kukutisha wala kukutia aibu, nakuandikia kwa sababu mimi bado nampenda mama yetu, na nataka kuendelea kumpenda, na kwa hivi tunavyokwenda sitaweza.

Basi ninachokuomba ni hiki. Njoo. Usitume mtu, usitume kifurushi. Ama uje ukae hapa umuuguze kwa nusu mwaka, chumba chako bado kipo na nimeyatoa masanduku, ama uje umchukue akae kwenu nusu mwaka, muuguzi amesema safari anaiweza akiwa amelazwa. Najua hoteli mmeipata juzijuzi na najua wifi ana kazi yake. Nami nina kazi yangu. Chagua lolote kati ya hayo mawili, sitabishana nawe, ila jibu lako liwe na tarehe. Usinijibu kwa wimbo. Nikipata tena barua ya kuniambia nisikunje goti nitaipiga pasi niirudishe.

Usidhani nimeyapika haya kwa siri. Mama nilimwambia asubuhi kwamba nakuandikia, na nilimwambia kila kitu, hata habari ya ngazi. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikadhani nimemuumiza. Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichonipa nimekishona na kimenikaa vizuri. Wabusu watoto, na huyo wa meno mwambie shangazi yake atamletea zawadi yake wakionana. Jirani anakusalimu. Shangazi wetu anakusalimu, atakuja Jumamosi kunisifu.

Na mama anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini kutoka kwake, kama ninavyomuuliza kila barua, na kila barua husema niandike hajambo. Safari hii alivuta pumzi, akatafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena, akanishika mkono wenye kalamu kwa ule mkono wake mzima. Akasema nikuandikie kwamba na yeye amechoka.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi